Kimya Kingi Kina Mshindo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika kurasa za Kiswahili za gazeti letu ili nami nitoe maoni yangu juu ya jambo lililozungumzwa sana muhula uliopita, bwenini, mezani, na hata kwenye foleni ya maji. Jambo lenyewe ni zile picha mbili za sinema tulizoonyeshwa Jumamosi usiku katika ukumbi wa chakula. Wako wanaozisifu, wako wanaozidharau, na wako wanaotaka picha za namna hiyo zipigwe marufuku kabisa shuleni. Mimi si mwalimu wala si fundi wa sinema. Ni mwanafunzi wa Kidato cha Nne tu. Lakini nina deni katika habari hii, na dawa ya deni ni kulipa. Nitalilipa kabla sijamaliza, msomaji anivumilie.

Kwa ajili ya wanafunzi wa zamani ambao hawakuwapo, nieleze kwanza picha zenyewe. Ya kwanza yaitwa A Quiet Place, yaani Mahali pa Kimya. Ilitolewa Marekani mwaka 2018. Aliyeiongoza ni Bwana John Krasinski, ambaye pia ndiye baba katika hadithi, na mama ni Bibi Emily Blunt, ambaye ni mkewe hata nje ya sinema. Habari yake ni fupi. Mazimwi yameivamia dunia. Hayaoni, lakini masikio yao ni makali mno, na mtu atoaye sauti huuawa papo hapo. Watu wa jamaa moja wakaa shambani, nao waishi kwa kunyamaza. Hutembea pekupeku juu ya mchanga walioumwaga njiani. Huweka chakula juu ya majani badala ya sahani. Husemezana kwa mikono, kwa lugha ya viziwi, maana binti yao mkubwa ni kiziwi. Na mama ni mja mzito. Basi, picha yote ndiyo hiyo: dakika 90, nyumba moja, shamba moja, watu wa kuhesabika kwa vidole, na maneno machache kuliko yale asemayo mwuza nyanya wa Konyo Konyo kwa robo saa.

Ya pili yaitwa A Quiet Place: Day One, nayo ni ya mwaka 2024. Aliyeiongoza ni Bwana Michael Sarnoski. Hii yaeleza siku ya kwanza mazimwi yalipoushukia mji wa New York. Mwigizaji mkuu ni Bibi Lupita Nyong'o wa Kenya, yule aliyepata tuzo ya Oscar mwaka 2014. Jina lake lilipotokea ukutani ukumbi mzima ulishangilia, kwa sababu Wajaluo, kama tulivyofundishwa katika somo la historia, walitoka huku kwetu Bahr el Ghazal zamani sana kabla ya kufika Ziwa Victoria. Mmoja wetu alipaaza sauti akasema, "Huyo ni binti yetu, ameolewa mbali tu!" Katika picha yeye ni Samira, mgonjwa wa saratani asiye na matumaini ya kupona. Watu wote wakimbilia mtoni kutafuta mashua. Yeye na paka wake washika njia ya kinyume, kwenda kutafuta kipande kimoja cha piza katika mtaa ambako baba yake alikuwa akimpeleka alipokuwa mtoto.

Sasa nije kwenye maoni ya watazamaji. Usiku wa picha ya kwanza mambo yaliharibika kwa sababu mbili, na hata moja si kosa la picha.

Sababu ya kwanza ni jenereta. Tulikaa kutazama picha ya kimya, na huku jenereta inanguruma nyuma ya jiko kama lori lililokwama matopeni. Baba alipoweka kidole mdomoni kumnyamazisha mwanawe, sisi tulisikia nguru, nguru, nguru. Zimwi gani litatisha hapo? Mwenzangu aliyeketi kando yangu alisema kwamba mazimwi yale yangefika shuleni kwetu yangeanza kwa kuila jenereta, na sisi wengine tungepona.

Sababu ya pili ni mazoea yetu. Sisi tuliokulia Juba, au Kampala, au Nairobi, tumejifunza sinema katika vibanda vya video, vile ambavyo ndugu zetu wa Tanzania huviita vibanda umiza. Humo picha haiendi peke yake. Yuko mtu mwenye kipaza sauti aifasiriye na kuitia chumvi. Dar es Salaam alisifika Lufufu, Kampala akasifika VJ Jingo, na vijana wa huku nao wakaiga. Siidharau kazi hiyo hata kidogo, kwa maana bila wafasiri hao mama zetu wasingeelewa picha hata moja. Basi shuleni kwetu yuko mwenzetu mmoja mwenye kipawa hicho, na usiku ule alisimama mbele kama ilivyo desturi yake ili atufasirie kwa Kiarabu cha Juba. Akangoja watu waseme. Hawakusema. Akangoja tena. Mwishowe akaanza kuwasemea yeye mwenyewe: "Sasa baba anafikiri deni la dukani. Sasa mama anauliza nani amekula sukari." Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Lakini nawauliza, wenzangu, je, tuliitazama picha usiku ule? Hatukuitazama. Tulimtazama yeye.

Kwa hiyo Jumapili asubuhi, baada ya ibada, mabishano yakaanza chini ya mwembe, na watazamaji wakagawanyika.

Kundi la kwanza lilisema kwamba hii si picha hata kidogo. Hakuna maneno, hakuna ngumi, hakuna gari lililopinduka. Ni watu kutembea juu ya mchanga na kutazamana. Ndugu hao nawajibu hivi. Kumbukeni bibi zetu walipotusimulia hadithi za fisi usiku. Bibi hakuwa na ngoma wala taa ya rangi. Alikuwa na giza, na moto uliokaribia kuzimika, na sauti moja. Na ni lini tuliogopa zaidi? Si aliposema, ni aliponyamaza. Uchache wa vitu si umaskini wa hadithi. Wako waongozaji wengine waliolijua jambo hili: mwaka 2010 ilitoka picha iitwayo Buried, yenye mtu mmoja tu ndani ya sanduku lililozikwa ardhini, na mwaka 2013 ikatoka All Is Lost, ambamo mzee Robert Redford yu peke yake baharini na karibu hasemi neno lo lote. Tena A Quiet Place iligharimu kiasi cha dola milioni 17, fedha ambazo huko Hollywood ni ndogo, nayo ikaingiza zaidi ya milioni 300. Watu wengi namna hiyo hawakulipa ili watazame mchanga.

Siri yake ni sikio. Mtu akaaye penye makelele siku zote, sikio lake hulala. Yaondoe makelele, nalo huamka, likaanza kutafuta. Katika picha hii, mara nyingine tumwonapo yule binti kiziwi kwa karibu, sauti hufifizwa au huondolewa kabisa, ili nasi tusikie kama asikiavyo yeye. Mabwana Erik Aadahl na Ethan Van der Ryn, walioshughulikia sauti, walitajwa miongoni mwa wagombea wa Oscar kwa kazi hiyo, ingawa picha karibu haina maneno. Ilisemwa kwamba huko Marekani watazamaji waliogopa hata kutafuna bisi zao wasije wakasikika. Na yule binti, Millicent Simmonds, ni kiziwi kweli, hakujifanya. Yeye ndiye aliyewasaidia wenzake kuizoea lugha ya mikono. Tena katika hadithi jamaa ile yapona kwa kuwa iliijua lugha hiyo tangu zamani kwa ajili yake, na chombo chake cha kusikilizia ndicho kinachoyashinda mazimwi. Yule aliyedhaniwa kuwa mzigo wa nyumba, kumbe ndiye nguzo yake.

Kundi la pili lilikuwa la mahakimu. Hao walikubali kwamba picha yatisha, ila walisema haina akili. Walisema, kwanza, ni mpumbavu gani apataye mtoto wakati ambapo kilio kimoja chaweza kuua nyumba nzima? Na pili, ikiwa penye maporomoko ya maji mtu aweza hata kupiga kelele asisikike, kama tulivyoona baba na mwanawe wakifanya, kwa nini wasihamie huko?

Swali la pili nalikubali kidogo. Yamkini mimi pia ningehamia huko. Lakini mtu hahami kwa hesabu peke yake. Wazazi wale wana nyumba, wana mahindi, tena wamemzika mtoto wao mdogo karibu na hapo. Wangapi katika wazee wetu waliambiwa waondoke wakakataa, kwa sababu ya kaburi moja?

Swali la kwanza silikubali hata kidogo. Mwenye kuuliza kwa nini watu huzaa wakati wa hatari, na aende akamwulize mama yake. Wengi wetu tulizaliwa katika taabu: huyu kambini, huyu njiani, huyu katika mji uliokuwa ukingoja kuwaka moto. Nikiwa Kakuma niliona watoto wakizaliwa wiki baada ya wiki, na hakuna mama aliyengoja dunia itengenezwe kwanza. Sisi sote tuketio katika madarasa haya ndio jibu la swali hilo.

Kundi la tatu halikubishana sana. Hao walitoka ukumbini kabla ya mwisho, na wengine hawakula kifungua kinywa. Kutoka kwao ndiko kulikozaa yale maneno ya kupiga marufuku. Na hapa ndipo lilipo deni langu.

Wenzangu mnakumbuka pale mtoto mchanga alipoanza kulia, na zimwi liko karibu na mama yake. Wakati ule ndugu yetu mmoja wa Kidato cha Pili alisimama ghafula, akaliangusha benchi kwa kishindo, akatoka mbio gizani. Ukumbi mzima ulicheka. Mtu mmoja alipaaza sauti akasema, "Bwana Kimya, usituletee zimwi!" Jina likamnasa. Kwa muda wa wiki tatu aliitwa Bwana Kimya kisimani, darasani na uwanjani, naye hakumjibu mtu.

Mtu yule aliyepaaza sauti ni mimi.

Nalisema wazi hapa kwa sababu kosa lenyewe nililifanya hadharani. Nami nilikuwa na sababu ndogo ya kufanya hivyo kuliko mwanafunzi ye yote mwingine, kama nitakavyoeleza.

Tarehe 8 Julai 2016, siku moja kabla ya kuadhimisha mwaka wa 5 wa uhuru wetu, mapigano yalilipuka katika mji huu, yakaendelea mpaka tarehe 11. Mimi nilikuwa na umri wa miaka 9. Tulikaa Gudele katika nyumba ya mabati: mama, dada yangu, mimi, na mdogo wetu wa miezi minne. Baba alikuwa Wau kwa kazi yake. Mama aliegemeza magodoro dirishani, akatulaza sakafuni chini ya kitanda. Tuliambiwa tusiseme. Mtoto aliwekewa ziwa kinywani mchana na usiku, na maziwa yalipopungua mama alimpa kidole. Dada yangu alikuwa na kikohozi, akawa akikohoa ndani ya kanga iliyokunjwa mara nne.

Usiku mmoja mvua ikanyesha, mvua kubwa ya Julai, ikayapiga mabati hata hatukusikia tena bunduki. Mama akaketi akasema, "Haya, sasa. Kohoeni. Lieni. Mwenye neno aseme." Dada akakohoa mpaka akatosheka. Mtoto akaachwa alie mpaka akachoka mwenyewe. Mimi sikuwa na la kusema, basi nikahesabu kwa sauti kubwa, moja mpaka mia, kama tulivyokuwa tukifanya darasani. Mvua ilipoanza kupungua mama aliweka kidole mdomoni, nasi tukarudi chini.

Alfajiri moja mama jirani, ambaye lugha yake si yetu, aligonga ukuta mara tatu. Alimchukua mdogo wetu akamfunga mgongoni mwake, ili ye yote atakayetuona adhani ni mwanawe, akatupitisha uani kwake mpaka kanisani. Mwezi uliofuata tukashika njia ya Kapoeta mpaka mpakani, na mwishowe tukafika Kakuma, ambako nilijifunza Kiswahili hiki niwaandikiacho.

Basi mimi niliyehesabu mia katika mvua ndiye niliyemcheka mtu kwa kutoka nje. Nimejiuliza mara nyingi ni kwa nini. Nadhani nilicheka kwa sababu jenereta ilikuwa ikinguruma na mfasiri akitufurahisha, na katika makelele yale niliweza kusahau. Waswahili husema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Ndugu yetu aliuona ung'ongo akashtuka. Mimi niliuona nikaufanyia mzaha, ili nisishtuke.

Wiki tatu baadaye mwalimu wetu wa Kiswahili alileta picha ya pili. Safari hii alitumia betri za sola, jenereta ikazimwa, na mfasiri wetu akaombwa aketi kama watu wengine. Mara moja tulisikia mambo ambayo hatujapata kuyasikia katika ukumbi ule: benchi kulia, popo darini, mtu kumeza mate. Hakuna aliyecheka.

Ikafika mahali ambapo Samira na kijana mmoja mgeni, jina lake Eric, wamejificha katika nyumba. Mvua yanyesha na radi zapiga. Kila radi ipigapo, wawili hao hupiga kelele kwa nguvu zao zote, maana radi yaifunika sauti yao. Kisha radi hunyamaza, nao hunyamaza. Nilipoona hayo nilijikuta nimejiziba mdomo kwa mikono miwili, na machozi yananitiririka. Mwandishi wa hadithi ile, nadhani, hakupata kulala chini ya kitanda Gudele. Ameyajuaje? Sijui. Lakini ameyajua.

Jumapili ile nilikwenda kumtafuta ndugu yetu wa Kidato cha Pili. Nilimkuta akifua. Nikamwambia kwamba jina lile ni mimi niliyelianzisha, na kwamba namwomba radhi. Akaendelea kufua. Baadaye akasema, "Mimi ndiye niliyekuwa nimembeba mtoto." Hakuongeza, nami sikuuliza. Tukasuuza nguo zilizobaki pamoja. Ameniruhusu kuyaandika haya bila jina lake, na jina langu pia nimemwomba Mhariri aliache, ili mtu asije akamtambua yeye kwa kunitambua mimi.

Kabla sijatoa hukumu yangu, niwape maoni ya mtazamaji mmoja ambaye hakuna aliyemwuliza. Huyo ni mzee wetu alindaye lango usiku. Aliitazama picha ya pili kutoka mlangoni, fimbo mkononi. Nilipomwuliza ameionaje, alisema picha ni nzuri lakini imegeuzwa. Alisema, "Humo zimwi ndilo lenye masikio, na watu wanalikimbia. Katika vita vyetu, sisi ndio tuliokuwa na masikio." Akanieleza habari za vita vya mwaka 1983 hadi 2005, ndege za Antonov zilipokuwa zikitupa mabomu vijijini. Watoto walijifunza kuisikia ndege ingali mbali, ikilia kama nyuki, na papo hapo wakajitupa katika mahandaki yaliyochimbwa kando ya nyumba. "Aliyenyamaza na kusikiliza alipona," alisema mzee. "Mpaka leo mtu akiwasha mashine ya kusaga, shingo yangu huinuka yenyewe." Wanafunzi wa zamani mtakaosoma haya, hapana shaka wako kati yenu ambao shingo zao huinuka vivyo hivyo. Tungefurahi mkituandikia.

Sasa hukumu yangu ni hii. Picha ya kwanza ni kazi ya ufundi mkubwa, lakini ina upungufu mmoja. Yaamini kwamba kila nyumba hupona peke yake. Usiku jamaa ile yawasha moto juu ya ghala, na kwa mbali mioto ya watu wengine yaitikia; lakini hawaendeani. Zimwi la sinema haliulizi mtu ni wa kabila gani wala lugha gani, na bado watu wa mle wakaa mbalimbali. Sisi zimwi letu liliuliza, na hata hivyo mama jirani aligonga ukuta. Ndiyo maana naipenda zaidi ile ya pili. Samira na Eric hawajuani, si ndugu, wala hawana deni kwa kila mmoja, lakini huyu amtafutia yule dawa, na yule amshika huyu mkono. Hapo ndipo picha inapofanana na tunayoyajua.

Wako waliomcheka Samira kwa kutafuta piza vitani. Walisema, "Huo ni wazimu wa watu wa mjini." Mimi sikucheka tena, nilikuwa nimejifunza. Bibi yangu alipokuwa mgonjwa Kakuma hakutaka dawa wala hakutaka kurudishwa hospitali. Alitaka kisra, na samaki wa mto wetu aliyekaushwa juani. Tulimtafutia siku nne. Alipoonja kidogo tu alisema inatosha. Mtu akaribiaye mwisho hatafuti kushiba. Atafuta kurudi kwao, hata kama ni kwa ulimi tu.

Je, picha hizi zipigwe marufuku? Nasema la. Anayetaka kuzikataza ana nia njema, namheshimu, lakini namwambia kwamba hofu haikuletwa na sinema. Tuliingia nayo ukumbini. Yasemwa kwamba Bibi Lupita mwenyewe aliwaogopa paka tangu utotoni, ikambidi ajizoeze kukaa nao ndipo aweze kuigiza picha ile, na baadaye akamfuga paka wake mwenyewe. Hakupona kwa kufungiwa mlango. Lakini pia hakutupiwa paka usoni bila kuambiwa. Alizoezwa polepole, na watu waliojua wanalofanya.

Kwa hiyo naleta mashauri manne mbele ya walimu wetu na kamati ya burudani. Kwanza, kabla ya picha ya namna hii tuambiwe kwa maneno machache iliyomo, ili asiyetaka asije. Pili, jenereta izimwe na betri zitumike, maana picha ya kimya itazamwayo katika makelele ni hasara kwa wote. Tatu, mlango uachwe wazi, na atokaye atoke, na mtu asigeuze shingo. Nne, baada ya picha tusiende kulala mara moja. Tuketi nusu saa, mwalimu awepo, na mwenye neno aseme. Sisi hapa tumefundishwa sana kunyamaza. Tulinyamaza ili tupone, na ilikuwa haki. Lakini mvua haikunyesha bure usiku ule. Mama alijua kwamba mtu akizuiwa kukohoa siku zote, kikohozi chenyewe kitamwua.

Waswahili husema kimya kingi kina mshindo mkuu. Nilikuwa nikidhani methali hiyo ni ya kumwonya mtu na adui anyamazaye. Siku hizi naisikia kwa namna nyingine. Kila bwenini wako wenzetu wanyamazao, na ndani yao upo mshindo ambao hatuujui. Tusiwape majina. Tukisikia wanagonga ukuta, tufungue.

Nimelipa sehemu ya deni langu, Ndugu Mhariri. Sehemu iliyobaki nitailipa bwenini, kila siku, nisiposema jina lile.

Ni mimi mwenzenu,
Mwanafunzi wa Kidato cha Nne, Juba